Saratani ya Figo: Tusifichane Habari za Vidonge



Miaka michache iliyopita alikuwa akija kwetu mzee mmoja, mkulima wa pamba, kupimwa shinikizo la damu. Alikuwa ameondolewa figo moja kwa sababu ya saratani, na ugonjwa ulipoonekana tena mapafuni, hospitali ya rufaa ilimwanzishia vidonge vya kumeza nyumbani. Sisi tuliombwa tumpime presha kila wiki na kuandika katika kadi yake. Kazi ndogo tu, nilidhani.

Siku ya pili au ya tatu niliona ndani ya kikapu chake chupa ya maji ya mizizi. Nikamgombeza. Nilimwambia kwamba anachezea maisha yake, na kwamba kama anataka mizizi basi arudishe vidonge wapewe wengine. Niliyasema hayo kwenye benchi, watu wakisikia, na mke wa mwanawe akiwa amesimama pembeni akishika fimbo yake.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa mgonjwa mzuri sana. Kila nilipomwuliza hali, alijibu, “Sijambo, mama.” Miguu? “Haijambo.” Unakula? “Nakula.” Kikapu hakukionyesha tena. Kisha akakosa wiki mbili, na wiki ya tatu akaletwa kwa pikipiki, kichwa kinamwuma, macho hayaoni vizuri, na presha 210/120. Nyayo zake zilikuwa zimeota sugu zenye malengelenge hata hawezi kukanyaga. Mdomo ulikuwa na vidonda. Kwa ajili ya maumivu ya miguu alikuwa amenunua diklofenaki dukani na kuimeza kwa siku kumi, na figo yake moja iliyobaki ilikuwa imeanza kulegea.

Mungu alimsaidia, alipona. Vidonge vilisimamishwa kwa muda, presha ikashushwa, kisha hospitali ya rufaa ikamrudishia dawa kwa kiwango kidogo zaidi, na akaendelea nayo kwa muda mrefu. Siku aliyoruhusiwa nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama, akasema, “Mama, ulinigombeza mbele ya mkwe wangu. Halafu ulisema dawa nirudishe. Wanangu wameuza ng'ombe kwa ajili ya dawa ile. Ningesemaje kwamba inanichoma miguu?”

Kwa hiyo leo sitaki kuandika juu ya dawa peke yake. Nataka kusema jambo ninaloliamini baada ya miaka mingi ya kuvaa sare hii: vidonge hivi vina hatari zake, lakini hatari kubwa kupita zote ni kufichana. Mgonjwa humficha nesi, familia humficha daktari, na sisi wauguzi mara nyingi ndio tunaowafundisha kuficha.

DAWA HIZI NI ZA NAMNA GANI

Zamani saratani ya figo iliyokwisha kusambaa ilikuwa na dawa chache sana, nyingi zikiwa za sindano, na hazikusaidia wengi. Tibakemikali ya kawaida, ile ya kuwekwa kwenye dripu, haifanyi kazi vizuri kwa aina nyingi za saratani hii. Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, dawa za sorafenibu na sunitinibu zilipoidhinishwa huko Marekani. Mwaka 2009 ikafuata pazopanibu, na baadaye nyingine zaidi.

Dawa hizi huitwa dawa zinazolenga, kwa sababu hulenga jambo fulani ambalo saratani inalitegemea. Uvimbe wa saratani ni kama shamba lililofunguliwa jangwani: bila mfereji wa maji haliwezi kustawi. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya figo, seli hutoa ishara nyingi za kuita mishipa mipya ya damu, kana kwamba daima zimekosa hewa. Wanasayansi watatu, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua upungufu wa oksijeni, na kazi yao imetusaidia kuelewa ugonjwa huu. Kidonge huziba sikio linalopokea ishara ile, na mfereji unakauka.

Lakini mishipa ya damu iliyo mizima nayo hutumia ishara hizo hizo. Ndiyo maana presha hupanda, vidonda huchelewa kupona, ngozi ya viganja na nyayo huumia, na damu huweza kutoka kwa urahisi. Sababu ni moja na ile inayoibana saratani. Mgonjwa akiumwa nyayo hajalogwa, wala mwili wake haujakataa dawa.

Ni vema pia tuseme ukweli. Kwa mtu ambaye saratani imesambaa, kwa kawaida dawa hizi huuzuia ugonjwa usiendelee, na si kuung'oa kabisa. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2007, nusu ya wagonjwa waliopewa sunitinibu walikaa kama miezi 11 au zaidi bila ugonjwa kuendelea, wakati kwa waliopewa sindano za interferoni muda huo ulikuwa miezi 5. Wapo wanaokaa miaka. Muda huo ni wa kusomesha mtoto, kupatana na ndugu, kuvuna mara nyingine. Haifai kuupoteza kwa sababu ya kunyamaza.

KILA DAWA INA SHERIA YAKE

Dawa inayomezwa nyumbani huonekana kama panadoli. Haina dripu wala kitanda cha wodini. Kwa hiyo watu huiona nyepesi. Kumbe ile kazi ambayo wodini hufanywa na wauguzi wa zamu tatu, sasa inafanywa na mke, mtoto au mkwe.

Sheria ya kwanza: usifuate maelezo ya mgonjwa mwenzako. Sunitinibu kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, kwa wiki nne, kisha mgonjwa hupumzika wiki mbili, ingawa daktari anaweza kupanga vingine. Huweza kumezwa kabla au baada ya chakula. Pazopanibu humezwa kila siku bila mapumziko, na lazima tumbo liwe tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Ukiimeza pamoja na ugali na samaki, dawa inayoingia katika damu huweza kuwa mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Wagonjwa wawili wa parokia moja, ugonjwa mmoja, lakini sheria mbili. Mmoja akimfundisha mwenzake kwa nia njema, anaweza kumdhuru.

Vidonge visisagwe, visivunjwe, wala vifuko visifunguliwe. Ukisahau, usimeze mara mbili kesho yake ili kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usimeze kingine. Subiri saa yako ya kesho. Na tafadhali, msigawanye dozi ili boksi lifike mwezi ujao. Najua gharama. Nimeona familia zikihesabu vidonge mezani kama wanavyohesabu mbegu wakati wa njaa. Lakini nusu dozi ya siri humdanganya daktari: ataona ugonjwa unaendelea na kudhani dawa imeshindwa. Kama fedha imekwisha, semeni mapema, kabla boksi halijaisha. Mara nyingine ipo njia, na kama haipo, daktari apange akijua.

PRESHA, NYAYO NA MACHO

Presha huweza kupanda katika wiki za mwanzo bila dalili yoyote. Kwa hiyo ipimwe kila wiki katika wiki hizo, hata katika zahanati ya kijiji; hakuna haja ya kusafiri hadi mjini kwa jambo hilo. Mgonjwa akae kimya dakika tano kwanza, hasa kama amekuja kwa miguu. Ikifika 140/90 au zaidi, hospitali ijulishwe. Kuna vidonge vya kuishusha huku dawa ya saratani ikiendelea. Ikifika 180/120, au kukiwa na kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu, kuchanganyikiwa au degedege, mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa ngozi, anzeni kabla haijauma. Pakeni mafuta ya mgando au krimu atakayoandikiwa, asubuhi na jioni. Viatu viwe laini na vipana. Maji ya kuoga yasiwe ya moto sana. Kushika jembe au kutwanga kwa muda mrefu huumiza viganja, kwa hiyo mgonjwa apewe kazi nyingine katika wiki anazomeza dawa. Nyayo zikianza kuwaka moto, semeni siku hiyo. Daktari anaweza kumpumzisha siku chache au kupunguza kiwango. Kupunguziwa dawa kwa amri ya daktari si kunyang'anywa dawa. Mzee wangu wa pamba alikuwa na hofu hiyo tu, nayo karibu imwue.

Mgonjwa wa sunitinibu anaweza kuona ngozi inakuwa na rangi ya njano, kwa sababu dawa yenyewe ina rangi hiyo. Nywele nazo huweza kuwa nyeupe. Hayo hayana hatari. Lakini tazameni weupe wa macho. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au tumbo likauma upande wa kulia juu, hiyo ni habari ya ini, na mgonjwa aende hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Kwa pazopanibu hasa, vipimo vya ini katika miezi ya mwanzo visikosekane.

Uchovu unaozidi, kusikia baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, na kufunga choo huweza kuonyesha kwamba tezi ya shingoni imelegea. Kuna kipimo cha damu na kuna dawa yake. Tusiseme tu, “Ni uzee.” Na mtu mwenye figo moja akiharisha, apewe maji yenye chumvichumvi za ORS mapema, asipoacha kuharisha ndani ya siku moja, aletwe. Damu ikitoka puani isikatike, au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au kifua kikibana, hakuna kungoja.

DAWA NYINGINE NA VYAKULA

Hapa ndipo siri nyingi hukaa.

Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana katika kila duka, na kila mwenye mgongo huzimeza. Kwa mgonjwa huyu huweza kuumiza figo, kupandisha presha na kuongeza hatari ya kutoka damu. Aulize kwanza hospitali atumie nini kwa maumivu.

Omeprazoli ya vidonda vya tumbo huzuia pazopanibu isiingie vizuri mwilini. Vidonge vya magnesiamu vya kiungulia navyo, vikimezwa pamoja nayo, huleta shida hiyo. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, huifanya dawa ya saratani iishe upesi katika damu. Ketokonazoli ya fangasi, dawa fulani za kuua vijidudu kama klarithromaisini, na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI huizidisha. Simaanishi kwamba mgonjwa aache dawa ya kifua kikuu au ya UKIMWI. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Ninasema daktari wa saratani lazima ajue zote ili azipange. Mtu anayeficha hali yake ya UKIMWI kwa daktari wa saratani anajidhuru mara mbili.

Na malaria? Mgonjwa akipata homa apimwe na atibiwe, malaria haingoji. Lakini aonyeshe boksi la dawa ya saratani kabla ya kupewa mseto au kwinini, kwa kuwa dawa hizi zote huweza kugusa mapigo ya moyo, na mganga anapaswa kujua.

Balungi na danzi ziachwe, tunda na maji yake, kwa sababu huweza kuongeza dawa katika damu. Machungwa matamu ya kawaida, mapapai, maembe na ndizi hayana neno. Kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji wowote, daktari wa meno au wa upasuaji aambiwe, maana kidonda kitachelewa kupona na huenda vidonge vikahitaji kusimamishwa kwanza. Mama mwenye mimba asivishike vidonge vilivyopasuka. Na wanandoa ambao bado wako katika umri wa kuzaa wakae na daktari wote wawili kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu dawa hizi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sasa mizizi. Mwaka 2011 tuliona taifa zima likimiminika Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali, na baadhi yao tuliwapokea wodini baadaye. Siwacheki. Mgonjwa wa saratani hutafuta tumaini kama mtu anayezama anavyotafuta ubao. Lakini mizizi inayochemshwa haina kipimo, na nyingine huumiza ini na figo, yaani viungo vile vile vinavyobeba mzigo wa dawa. Mara nyingi huletwa na sisi wenyewe, wanajumuiya tunaokwenda kumsalimu mgonjwa. Mmoja ana chupa, mwingine ana unga, wa tatu ana vidonge vya kuongeza damu kutoka Dar es Salaam. Tunatoka tumeridhika kwamba tumesaidia. Ndugu zangu, tukienda kwa mgonjwa wa namna hii tuchukue mayai, tumfulie nguo, tumsindikize kliniki, tusali naye. Chupa tuziache nyumbani.

KILA MMOJA NA WAJIBU WAKE

Baadhi ya wenzangu husema haya ni mambo ya hospitali kubwa: Ocean Road, Bugando, KCMC. Sisi wa huku tusiyaguse. Sikubaliani nao. Hospitali kubwa humwona mgonjwa siku moja katika mwezi. Siku nyingine zote ni zetu: za familia, zahanati na hospitali yetu. Presha haipandi kwa kufuata tarehe ya kliniki.

Naiomba kila hospitali inayomrudisha mgonjwa nyumbani na vidonge hivi impe karatasi ya Kiswahili chepesi: jina la dawa, saa ya kumeza, dalili za hatari, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea. Barua ya kitaalamu ya kumpa daktari mwingine haimsaidii mkwe aliyeamka usiku wa manane.

Naiomba kila familia imchague mtu mmoja wa kusimamia dawa, ambaye mgonjwa haoni haya mbele yake. Huyo awe na daftari la shilingi chache: tarehe, kidonge kimemezwa, presha, choo, nyayo, na kila kitu kingine kilichomezwa, mizizi ikiwamo. Daftari hilo na maboksi yote yaende kliniki kila mara. Vidonge vikae pakavu, mbali na watoto na mbali na jiko.

Na wauguzi wenzangu nawaomba jambo moja, ambalo mimi nililijifunza kwa aibu. Mgonjwa akikuonyesha chupa ya mizizi, amekupa zawadi. Amekuamini. Usiitupe zawadi hiyo kwa ukali mbele ya watu. Mpeleke pembeni, mwulize anaitumia lini na kwa nini, umweleze hatari yake kwa upole, umwandikie daktari. Stashahada yangu ilinifundisha kupima presha. Haikunifundisha kwamba ulimi wangu mwenyewe unaweza kuipandisha.

Yule mzee, baada ya kuruhusiwa, alirudi wiki iliyofuata akaketi kwenye benchi lile lile. Nilimwomba radhi, na mkwe wake akisikia. Akacheka kidogo. Kisha akavua kiatu, akaninyoshea mguu na kusema, “Tazama hapa, mama. Panaanza tena.”

Palikuwa pekundu kidogo tu. Tuliwahi.